Beki Hodari wa Mshahara Mdogo: Auzwe au Abakizwe?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hao hao, au pengine jirani zao, walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu anayetaka kuishi kwa methali peke yake atajikuta njia panda kila anapolazimika kuamua jambo zito, kwani aghalabu kila methali ina nyingine inayoipinga. Leo ningependa kulijadili swali ambalo kwa juu juu ni la michezo tu, lakini ndani yake mna mzani ambao kila mwalimu na kila mwanafunzi ataushika mkononi siku moja. Je, timu iliyo na mchezaji hodari anayelipwa mshahara mdogo imfanye nini? Imshikilie mpaka mkataba wake uishe, ama imuuze wakati bei yake ingali juu?

Mfano nilioteua hautoki katika kabumbu ambayo wasomaji wangu wengi wameizoea. Unatoka katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Marekani na Kanada. Najua kwamba wapo watakaouliza Mkenya ana lipi na barafu. Nawakumbusha kwamba taifa letu si geni kwa magongo: timu yetu ya magongo ya nyasi ilimaliza katika nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia lililochezewa Barcelona mwaka 1971. Na tangu mwaka 2005, jiji la Nairobi lilipopata uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari, vijana wetu wamejifunza kuteleza na kucheza, hata wakajiita simba wa barafuni. Hata hivyo, sababu yangu kuu ya kuuteua mchezo huu ni kwamba hesabu yake iko wazi. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, iitwayo NHL, mshahara wa kila mchezaji hujulikana na umma, na kila timu hufungwa na kikomo kimoja cha fedha. Mwanafunzi wa hesabu na mwanafunzi wa maadili wote wawili wana la kujifunza hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kila upande huwa na watu sita barafuni: kipa mmoja, mabeki wawili na mafowadi watatu. Mchezo huenda kwa dakika 60, zilizogawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa kuteleza kwa kasi huchosha, wachezaji huingia na kutoka kwa zamu fupi fupi, na hakuna awezaye kukaa barafuni muda wote isipokuwa kipa. Beki wa kutegemewa hucheza zaidi ya dakika 20 katika kila mchezo, ilhali fowadi wa zamu za mwisho huweza kucheza dakika 10 tu. Ndiyo maana beki mzuri ni kama nguzo ya kati ya nyumba: mgeni huvutiwa na milango na madirisha, lakini nguzo hiyo ikiondolewa paa litamwangukia.

Sasa tuje kwenye fedha. Msimu wote wa 2004-05 ulifutwa kwa sababu ya mgogoro baina ya wenye timu na wachezaji. Mgogoro ulipomalizika mwaka 2005, ligi iliweka kikomo cha mishahara ambacho hakuna timu iliyoruhusiwa kukivuka, iwe tajiri au maskini. Mwanzoni kikomo hicho kilikuwa dola milioni 39. Kilipanda mwaka baada ya mwaka hadi kufika dola milioni 81.5 katika msimu wa 2019-20, kisha kikakwama papo hapo kwa misimu miwili zaidi kwa sababu ya hasara iliyoletwa na maradhi ya korona. Ilipofika 2025-26 kilikuwa kimefika dola milioni 95.5.

Maana ya kikomo hicho ni nini? Maana yake ni kwamba fedha za mwenye timu si hoja tena. Bwana mwenye mabilioni na bwana mwenye mamilioni wote hupewa kibaba kimoja cha unga, na kila mmoja huambiwa ale nacho mwaka mzima. Katika hali kama hiyo, mchezaji anayestahili dola milioni 6 lakini analipwa milioni 3.75 huwa ni hazina ya namna mbili. Hazina ya kwanza ni kazi yake uwanjani. Hazina ya pili ni zile fedha anazoiachia timu imwajiri mtu mwingine. Na hapo ndipo penye fumbo, kwani hazina hiyo ya pili huonekana pia na timu nyingine zote, nazo huitamani.

Mtu niliyemtaja kwa mshahara huo ni Mattias Ekholm, beki kutoka Uswidi aliyezaliwa mwaka 1990. Timu ya Predators ya mji wa Nashville, katika jimbo la Tennessee, ilimchagua mwaka 2009 akiwa wa 102 katika orodha ya chipukizi wa mwaka huo. Maana yake ni kwamba chipukizi 101 walitangulizwa mbele yake. Alipanda taratibu, akawa mmoja wa mabeki wanaoheshimiwa ligini. Mwaka 2015 alitia sahihi mkataba wa miaka sita wa jumla ya dola milioni 22.5, yaani milioni 3.75 kwa mwaka. Muda si mrefu alikuwa akifanya kazi ya watu waliolipwa karibu mara mbili yake.

Nashville wakati huo ilikuwa kama shamba lililobarikiwa mabeki. Alikuwako Shea Weber, ambaye mwaka 2012 timu hiyo ililazimika kukubali kumlipa jumla ya dola milioni 110 kwa miaka 14 ili asichukuliwe na Philadelphia. Alikuwako Roman Josi wa Uswisi, aliyekubali mwaka 2013 kulipwa milioni 4 kwa mwaka kwa miaka saba. Alikuwako Ryan Ellis, aliyelipwa milioni 2.5 kwa mwaka. Alikuwako pia kijana Seth Jones, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2013 na ambaye mshahara wake ulikuwa bado ule wa chipukizi. Kwa utajiri huo, na hasa kwa unafuu wake, Predators walifika fainali ya Kombe la Stanley mwaka 2017, ambamo walishindwa na Pittsburgh katika mchezo wa sita.

Miaka minne baadaye, katika majira ya kuchipua ya 2021, mambo yalikuwa yamebadilika. Katikati ya mwezi wa Machi Nashville ilikuwa katika hali mbaya kwenye kundi lake. Ekholm alikuwa na umri wa miaka 30, na mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mmoja zaidi wa bei ile ile nafuu. Timu zilizokuwa zikiwania kombe zilimmezea mate. Swali likawa moja mjini: meneja David Poile, aliyeiongoza timu hiyo tangu 1997 kabla hata haijacheza mchezo wake wa kwanza, amuuze Ekholm ama ambakize?

Nitazieleza hoja za pande zote mbili kwa haki, kwani mjadala ambao upande mmoja umefungwa mdomo hauna faida kwa msikilizaji.

Waliosema abakizwe walikuwa na hoja tatu nzito. Ya kwanza ni kwamba mabeki wa aina hiyo hawapatikani sokoni kwa urahisi. Fowadi wa kufunga mabao anaweza kununuliwa karibu kila mwaka, lakini beki mrefu, mtulivu, anayezuia na pia kuuanzisha mchezo, kila timu humkumbatia. Ukimuuza leo, utamtafuta mwingine kwa miaka mitano, na ukimpata utamlipa mara mbili. Hoja ya pili ni kwamba unafuu wake ulizisaidia nafasi nyingine: mkiondoa milioni 3.75 yake, mtamweka nani mahali pake kwa fedha hizo hizo? Hoja ya tatu ilihusu moyo wa timu. Wachezaji humtazama meneja kama vile watoto wanavyomtazama mzazi. Wakiona mwenzao aliyejitolea kwa mshahara mdogo anauzwa kama gunia la mahindi, watajiuliza uaminifu una faida gani.

Waliosema auzwe nao hawakuwa watu wa kupuuzwa. Walisema kwamba unafuu wa mshahara ni mali yenye tarehe ya mwisho. Kila mwezi unaopita hupunguza muda ambao mnunuzi atafaidi bei hiyo, na kwa hivyo hupunguza kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa. Anayemnunua Ekholm mwaka 2021 ananunua nafasi mbili za kuwania kombe kwa bei nafuu; anayemnunua 2022 ananunua moja tu. Walisema pia kwamba timu ambayo haina tumaini la kutwaa kombe haina haja ya unafuu. Unafuu humfaa yule anayehitaji shilingi ya mwisho kukamilisha nyumba, wala haumfai yule ambaye hajachimba hata msingi. Mwisho, walisema kwamba mwili wa binadamu hauandikiani mkataba na mtu. Beki wa miaka 30 anaweza kuwa salama leo na kesho goti likamsaliti.

Basi Poile alifanyaje? Nashville ilizinduka ghafla. Kipa wake, Juuse Saros wa Ufini, alidaka kwa ustadi mkubwa, timu ikapanda ngazi, na siku ya mwisho ya mauzo, tarehe 12 Aprili 2021, ilipita bila Ekholm kuuzwa. Timu ilifika duru za mchujo, ikatolewa na Carolina katika raundi ya kwanza baada ya michezo sita. Msimu uliofuata Josi alipata pointi 96, idadi ambayo ni nadra sana kwa beki, lakini timu ikatolewa tena katika raundi ya kwanza, safari hii na Colorado kwa michezo minne mitupu. Wakati huo Ekholm alikuwa tayari ametia sahihi mkataba mpya wa miaka minne, dola milioni 25 kwa jumla, yaani milioni 6.25 kwa mwaka kuanzia msimu wa 2022-23. Ule unafuu ukawa umekwisha.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo, kwani kuna kisa kingine kilichotokea Julai 2021 ambacho hutupa mwanga. Badala ya Ekholm, Nashville ilimtoa Ryan Ellis, aliyekuwa sasa akilipwa milioni 6.25 kwa mkataba mrefu. Alipelekwa Philadelphia. Ellis alicheza michezo minne tu katika timu hiyo mpya, akaumia, na tangu Novemba 2021 hakuonekana tena barafuni. Watu wawili wa timu moja, wa rika moja, wote mabeki na wote wakisifiwa: mmoja mwili ulimwishia, mwingine akaendelea kucheza kwa miaka. Hakuna meneja aliyekuwa na kioo cha kuona hayo. Ajionaye hodari wa kuuza kwa wakati akumbuke kwamba sehemu ya uhodari huo ni bahati, na ajionaye mwaminifu kwa kubakiza akumbuke kwamba sehemu ya uaminifu huo ni kamari.

Hatimaye, tarehe 28 Februari 2023, Poile alimuuza Ekholm kwa Edmonton Oilers ya Kanada. Edmonton ilitoa beki Tyson Barrie, kijana Reid Schaefer ambaye alikuwa amechaguliwa katika raundi ya kwanza mwaka uliotangulia, haki yake ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya mwaka huo, na haki ya raundi ya nne ya 2024. Nashville iliongezea haki ya raundi ya sita, na ikakubali kubeba dola 250,000 za mshahara wake kila mwaka, ili Edmonton ihesabiwe milioni 6 kamili.

Matokeo? Katika michezo 21 ya msimu wa kawaida ambayo Ekholm alicheza mwaka huo akiwa Edmonton, timu yake ilishinda 18. Mwaka 2024 Edmonton ilifika fainali ya Kombe la Stanley, ikafungwa na Florida kwa 2-1 katika mchezo wa saba. Mwaka 2025 ilifika tena, ikashindwa tena na Florida, mara hii katika mchezo wa sita. Nashville kwa upande wake iliitumia ile haki ya raundi ya kwanza kumchagua Tanner Molendyk, akiwa wa 24 mwaka 2023. Naye, kwa mzaha wa historia, ni beki. Timu ilifika duru za mchujo 2024 na kutolewa na Vancouver, na mwaka 2025 haikufika kabisa.

Je, tuseme basi kwamba Nashville ilikosea kumuuza? La hasha. Hapo ndipo wengi wetu huteleza, hata bila barafu. Edmonton ilimhitaji Ekholm kwa sababu ilikuwa na Connor McDavid, aliyelipwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, na Leon Draisaitl, aliyelipwa milioni 8.5. Ilikuwa na paa na kuta, ikakosa nguzo. Nashville ilikuwa na nguzo tupu uwandani. Beki mmoja hawezi kuwa na thamani moja mahali pawili. Kisima kilichoko jangwani na kisima kilichoko kando ya mto vyaweza kuwa na maji matamu sawa, lakini hakuna mtu atakayevinunua kwa bei moja.

Visa viwili vingine vinathibitisha jambo hilo. Tarehe 6 Januari 2016, Nashville ilimuuza yule kijana Seth Jones kwa Columbus, ikampata fowadi Ryan Johansen. Wengi walilia, kwani Jones alikuwa na umri wa miaka 21, mshahara wake mdogo na mustakabali wake mkubwa. Lakini Nashville ilikuwa na mabeki wa kumwaga, na ilikosa mtu wa kuongoza safu ya mbele. Mwaka mmoja na nusu baadaye ilikuwa fainali. Columbus nayo ilipata nguzo ya ulinzi kwa miaka mitano. Ilikuwa biashara adimu ambamo kila mmoja aliuza alicho nacho kwa ziada akanunua alichopungukiwa. Jones mwenyewe alipitia Chicago, kisha Florida, na mwaka 2025 akalitwaa kombe mbele ya Ekholm yule yule aliyekuwa mwenzake Nashville.

Kisa cha pili ni cha tarehe 29 Juni 2016. New Jersey Devils walikuwa na beki wa Kiswidi, Adam Larsson, aliyelipwa wastani wa dola milioni 4.17 kwa mwaka kwa mkataba wa miaka sita. Walimpeleka Edmonton wakapewa Taylor Hall, fowadi ambaye mwaka 2010 alikuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa. Edmonton ilichekwa kila pembe kwamba imeuza ng'ombe kwa mbuzi. Na kwa hakika mwaka 2018 Hall alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Lakini tukiyaangalia matunda ya timu, New Jersey ilifika duru za mchujo mara moja tu ikiwa na Hall, ikatolewa katika raundi ya kwanza mwaka huo huo wa 2018, na mwezi Desemba 2019 ikamuuza. Edmonton iliyochekwa ilifika duru za mchujo mwaka 2017 kwa mara ya kwanza tangu 2006, ikashinda raundi moja na kupoteza ya pili katika mchezo wa saba. Nani alipata hasara? Ukipima mtu kwa mtu, Edmonton. Ukipima pengo lililozibwa, jibu si rahisi hivyo.

Kutokana na visa hivi nimefikia msimamo ambao nitauweka wazi. Beki hodari wa mshahara mdogo asiuzwe kwa sababu tu ana bei, wala asibakizwe kwa sababu tu ni rahisi. Meneja ajiulize maswali matatu kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: je, katika muda uliobakia wa mkataba huu nafuu, timu yangu inaweza kweli kuwania kombe? Si kufika duru za mchujo na kutolewa mapema, kuwania kombe. Kama jibu ni ndiyo, mjadala umekwisha na mchezaji abaki, kwani unafuu wake ndio utakaomlipa mtu wa mwisho wa kukamilisha kikosi. Kama jibu ni la, tuendelee.

Swali la pili: je, kitakachopatikana kwa kumuuza kitakomaa wakati gani? Chipukizi aliyechaguliwa akiwa na miaka 18 huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa nguzo, na wengine hawafiki kamwe. Kama wachezaji wengine muhimu wa timu watakuwa wamezeeka wakati huo, basi umemuuza ng'ombe wa maziwa ukanunua ndama ambaye watoto wako hawatakunywa maziwa yake. Afadhali kutafuta mchezaji aliyekwisha pevuka, kama Nashville ilivyofanya kwa Johansen.

Swali la tatu: nitaeleza nini kwa wale wanaobaki? Meneja asiyeweza kuisimamia sababu yake mbele ya wachezaji wake hana sababu. Ana tamaa au ana hofu.

Nikiyatumia maswali hayo kwa Nashville ya 2021, naona kwamba wakati mwafaka wa kumuuza Ekholm ulikuwa wakati ule, alipokuwa na unafuu wa msimu mmoja na zaidi. Timu ile haikuwa na uwezo wa kutwaa kombe, na kuzinduka kwake kwa wiki chache hakukubadilisha ukweli huo. Ushindi wa muda mfupi ni mshauri mbaya. Humfanya mtu aliyekusudia kuhama nyumba inayovuja apake ukuta rangi. Hata hivyo simlaumu Poile kwa ukali, kwa kuwa alipouza mwaka 2023 bado alipata malipo mazuri kwa mchezaji wa miaka 32, na kwa kuwa watu waliojaza uwanja wake walistahili timu inayojitahidi. Meneja ana haki ya kulisikia hilo. Ninachosema ni kwamba asilichukue likawa hesabu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumekuwa tukisema «nafuu», «rahisi», «hazina», kana kwamba tunazungumzia mashine ya kusaga. Nafuu kwa nani? Ekholm alilipwa milioni 3.75 kwa sababu alitia sahihi akiwa na miaka 25, kabla watu hawajaijua thamani yake yote. Alipendelea uhakika wa miaka sita kuliko bahati nasibu, na hakuna mtu mwenye busara atakayemlaumu. Lakini tofauti kati ya alicholipwa na alichostahili haikupotea hewani. Waliifaidi wengine. Isitoshe, katika ligi hiyo mchezaji huweza kuamshwa asubuhi akaambiwa kwamba jioni atakuwa raia wa mji mwingine, na kama mkataba wake haukumpa kinga, hana la kusema. Mke, watoto na shule yao vyote hufuata.

Najua kwamba ni vigumu kumwonea huruma mtu anayelipwa mamilioni ya dola, hasa kwa mwalimu wa Kenya anayeusoma ukurasa huu mwisho wa mwezi. Lakini kanuni haitazami ukubwa wa mshahara. Kila taasisi ina mtu wake kama Ekholm: mtu mtulivu, asiyepiga kelele, anayefanya kazi ya wawili kwa mshahara wa mmoja, na ambaye kila mkubwa humsifia kwa neno moja tu, kwamba hana gharama. Sifa hiyo ni ya hatari. Mtu anayependwa kwa unafuu wake hupendwa mpaka siku atakapoomba anachostahili. Nashville walau ilimpa Ekholm heshima ya kumwongezea mshahara hadi milioni 6.25 kabla ya kumwachilia aende mahali ambapo angeweza kuwania kombe. Si waajiri wote wafanyao hivyo.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo. Swali hili lipelekwe kwenye mdahalo wa shule. Kundi moja litetee kuuza, jingine kubakiza, na kila kundi lipewe hesabu za kikomo cha mishahara ili lisije likajificha nyuma ya methali. Wanafunzi watagundua kwamba bei ya kitu na faida ya kitu ni mambo mawili tofauti, na kwamba uamuzi mzuri waweza kuzaa matokeo mabaya, kama vile mpango mbovu uwezavyo kuokolewa na bahati. Anayejifunza hayo akiwa kidato cha tatu hatatishwa na soko lolote, liwe la barafuni au la Gikomba.

Mbacha wako ukiwa ungali unakusitiri, na sala unayotaka kuisali ni ya leo, usiuache. Lakini kama huna sala leo, na msafiri amesimama mlangoni akikupa thamani yake kamili, muuzie kwa moyo mweupe, mpe mkono, wala usimdanganye mtu yeyote nyumbani kwamba mbacha ulikuwa umechakaa.